Upande wa Sironka

Wayua alikuwa amechoka na mume, na alikuwa amechoka na mti. Ukimuuliza kati ya hao wawili nani amemchosha zaidi, angekwambia mti una afadhali, maana mti haujibu.

Mti wenyewe ni mkima, ule wa mbao unaokua mbio, na umesimama nyuma ya bafu lao pale Noonkopir, Kitengela, kwenye mpaka kati yao na shamba la jirani, Sironka. Mume ni Kimanzi, fundi wa ua. Toka Ngong hadi Namanga, na hata kule Magadi ambako jua huchoma mpaka nyundo haishikiki, ukiona ua wa seng'enge umesimama wima, waya imekazwa mpaka ndege akitua inalia, uliza ni nani aliyeivuta. Mara nyingi utatajiwa yeye. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa mtu wa kuamka, kutia koleo na nyundo kwenye gunia, na kupotelea kwa watu. Wayua alilea watoto akijua bwana yuko mahali fulani anapima mashimo ya nguzo, na siku moja atatokea mlangoni, mikono imechanika, anauliza kama kuna chai. Mume wa namna hiyo alimzoea. Aliyemshinda ni huyu wa kushinda nyumbani.

Moyo ndio uliomrudisha. Mwaka jana, masika yakianza, alikuwa anafunga ua wake mwenyewe, ule aliouahirisha tangu wahamie hapo, kwa sababu ua wa fundi huwa wa mwisho. Alipofika kwenye mkima hakuchimba shimo la nguzo. Aliizungusha waya kwenye shina, akaikaza, akapigilia msumari upande wa bafu, kisha akaenda kuketi juu ya ndoo na kusema kifua kimembana kama kuna mtu amemkalia. Kufika jioni alikuwa amelala chali katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, na daktari wa moyo aitwaye Ojwang anampitishia vitu kwenye mshipa wa mkono.

"Tumekuwekea stenti, mzee," Ojwang alimweleza kesho yake, akimwonyesha kwa kidole cha mwisho jinsi kilivyo kidogo. "Ni kijibomba cha waya, kimesukwa kama wavu. Kinashikilia mshipa usijifunge tena. Polepole mwili wako utaota nyama nyembamba juu ya hiyo waya, mpaka iingie ndani ya ukuta wa mshipa, isionekane. Sasa, kabla ya kufunikwa, damu ikipita ikakuta chuma kitupu inaweza kugandia hapo. Ikigandia, ni kifo. Ndio maana nakupa vidonge viwili, hiki cheupe na hiki cha pinki. Usiache hata kimoja mpaka mimi nikwambie."

Kimanzi, ambaye kwa kawaida maneno ya hospitali humpita kama lori la saruji, safari hii alishika kila neno.

"Kama waya kwenye mti," alisema.

Ojwang alikuwa na wagonjwa wengine wanamngoja. "Eeh, mzee. Kama hivyo," akasema, akaenda zake.

Hilo "kama hivyo" Wayua amelilaani mara nyingi tangu siku ile. Wasomi hawa, alikuwa akisema, wanaweza kupita na waya ndani ya moyo wa mtu bila kugusa kitu, halafu wanashindwa kujua ni maneno gani ya kumwachia mtu kama Kimanzi mkononi.

Mambo yakawa sawa kwa muda. Kimanzi alimeza vidonge, akapata nguvu, akarudi kwenye gunia lake la koleo. Hapo ndipo kile cha pinki kilipoonyesha tabia yake. Dawa ile hulegeza damu isigandie kwenye waya ya moyo, lakini haijui tofauti kati ya moyo na kidole. Na kazi ya seng'enge ni kuchanika. Mkwaruzo ambao zamani Kimanzi angeupaka mate na kuendelea, sasa ulitiririka mpaka shati linamgandama. Wayua alimnunulia glavu za ngozi pale duka la dawa za mifugo. Kimanzi alizivaa asubuhi moja, akasema mtu akivaa hizo haisikii waya inavyovutika, ni kama kula ugali na kijiko. Jioni Wayua alizikuta jikoni, zinatumiwa kuepulia sufuria. Na aliyezitumia alikuwa Kimanzi.

Kisha ikaja siku ya Isinya. Mwenye shamba, mwalimu mmoja mstaafu, alimwona fundi wake ana damu hadi kwenye viatu, akaogopa, akamfunga mkono kwa kitambaa cha meza na kumpigia Wayua simu aje achukue mzee wake. Achukue, kama mtu anavyoitwa kuchukua mtoto shuleni. Tangu siku ile hakuitwa tena na mtu. Habari za fundi anayevuja huenda upesi.

Basi akaanza kuutazama mti.

Kila asubuhi angebeba kikombe chake cha chai, aende nyuma ya bafu, asimame pale kwenye tope la sabuni, aangalie ile waya aliyoizungusha siku ya kuugua. Gome lilikuwa limeanza kuvimba, juu na chini ya waya, kama midomo miwili. "Inameza," angemwambia Wayua. Baada ya mvua za vuli: "Imemeza nusu." Wayua alidhani mzee amepata kitu cha kumliwaza, akafurahi, akamwacha. Kosa lake hilo.

Asubuhi moja akaingia jikoni na uso wa mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Mama Kasyoki, njoo uone."

"Niko na maziwa motoni."

"Yaache. Mti umefunga mdomo."

Alienda, akaona. Kweli, kwa upande ule wa bafu waya ilikuwa haionekani tena. Imebaki alama tu, kama mshono.

"Sasa?" Wayua akauliza.

"Sasa kile cha pinki nimeacha. Leo."

"Umeacha na ruhusa ya nani?"

"Si ni daktari mwenyewe alisema? Waya ikifunikwa, kazi ya dawa imeisha. Na nikamuuliza kama ni kama mti, akasema eeh, kama hivyo. Wewe ulikuwa hapo. Hii waya na ile ya moyo ziliingia siku moja, Wayua. Ni mapacha."

"Kai! Wewe moyo wako unamwagiliwa na maji ya bafu?"

"Usilete utoto."

"Nani analeta utoto? Mimi ndio nasoma moyo kwa mti?"

Alijaribu kila njia. Alisaga kidonge akakitia kwenye uji. Kimanzi alionja, akaweka kikombe chini, akasema uji wa leo una maoni. Alimpigia Kasyoki, kijana wao anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magadi, amsemeze baba yake. Kimanzi alishika simu mbali na sikio kama mtu anayeshika panya, akaitikia "ndio, ndio, ndio" mpaka kijana akaishiwa. Alimwomba mchungaji. Mchungaji alikuja, akanywa chai, akapelekwa nyuma ya bafu kuonyeshwa mti, akarudi akisema kazi ya Mungu ni ya ajabu. Wayua alimsindikiza hadi langoni bila kumpa hata ndizi.

Na kilichomtia hofu zaidi hakukisema kwa mtu. Kimanzi alikuwa ameanza kusimama njiani. Akipanda ule mwinuko wa kwenda barabarani, angesimama katikati, ajifanye anaangalia ua wa watu, huku kiganja kinasugua kifua. Ukimuuliza, ni gesi ya maharagwe.

Siku ya kliniki Wayua akampeleka Kajiado, ambako hupimwa presha. Nesi aliyekuwa zamu, mwanamke mnene wa maneno machache aitwaye Mbeke, alimuuliza kama anameza dawa zote. Kimanzi, badala ya kunyamaza kama watu wengine wenye hatia, alijisifu. Alimweleza habari ya mti kuanzia msumari. Mbeke alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Wayua, Wayua akatazama dari. Halafu nesi akachukua simu na kumtafuta Ojwang hukohuko Nairobi, akampa Wayua aongee.

"Mama, anaumwa kifua?" Ojwang aliuliza.

"Anasema ni maharagwe."

"Akipanda mlima au akiwa ameketi?"

"Akipanda."

"Arudie dawa leo, halafu umlete. Nataka kuangalia ndani."

Kimanzi, aliyekuwa ameinamisha sikio, akadakia kwa sauti ya kusikika hadi foleni ya nje. "Ndani waliangalia! Siku ile wakaweka ile picha yao wakaona damu inapita vizuri."

"Mwambie ile picha inaonyesha njia iko wazi, basi," Ojwang akasema. "Haionyeshi kama waya imevaa nyama. Sasa kuna nyingine, tunapitisha uzi mwembamba ulio na taa kwenye ncha, unapiga picha ukuta wa mshipa kutoka ndani. Ile inaona hata utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Nataka nione hiyo waya imefunikwa au bado."

Wayua akamrudishia maneno yote. Kimanzi akavaa kofia yake.

"Kufunikwa imefunikwa. Mimi nimeona bila taa."

Walirudi nyumbani. Kidonge cha pinki Wayua alikiweka mezani, karibu na chumvi. Asubuhi kilikuwa palepale. Akaongeza cha pili kando yake. Vikakaa vyote viwili, vinamtazama.

Sasa, ni lazima niseme kidogo juu ya Sironka. Ni jirani mzuri, mzee wa pale, shamba lilikuwa la baba yake kabla hata Kitengela haijawa na lami. Lakini mbuzi wake waliwahi kupita chini ya waya na kula maharagwe ya Kimanzi yote, mpaka mizizi. Kwa fundi wa ua hilo si hasara ya maharagwe. Ni tusi. Kimanzi alisema mbuzi wale wamefundishwa. Sironka alijibu mbuzi hawahitaji kufundishwa kuingia ua wa namna ile. Tangu hapo Kimanzi aliapa mguu wake hautakanyaga upande ule. Akitaka kuutazama ua wake, huutazama kutoka ndani, kwake. Wayua hakuapa kitu. Yeye hununua maziwa kwa Sironka, na huenda kila asubuhi na kibuyu chake cha plastiki, huzunguka lango, humpita mbwa, huamkia kwa Kimaasai.

"Supa, mzee."

"Ipa, Mama Kasyoki. Huyo mwenye ua ameamka?"

"Ameamka. Yuko kwa mti wake."

Sironka akacheka. "Huo mti mimi pia nauona. Mbuzi wangu hujikunia hapo."

"Hujikunia nini? Kuna nini cha kujikunia?"

"Waya."

Wayua aliweka kibuyu chini. "Waya gani? Si imemezwa?"

"Imemezwa huko kwenu. Huku kwangu iko nje." Akamtangulia, fimbo mabegani, wakafika kwenye mkima kwa upande ule ambao Wayua mwenyewe hakuwahi kusimama. Shina huko lilikuwa na bonde, mahali ambapo zamani tawi lilikatwa na mti ukabaki na kovu la kuingia ndani. Waya, badala ya kufuata lile bonde, ilikuwa imepita juu yake moja kwa moja, kama daraja. Haikugusa mti hata kidogo. Imeshika kutu, imeshika manyoya ya mbuzi, na katikati ya waya na gome mtu angeweza kupitisha vidole.

Wayua alipitisha vyake. Akaivuta waya, akaiachilia.

Ililia. Nnng'ii, sauti nyembamba ya kukera, ikapita kwenye mti hadi upande wa pili.

Upande wa pili, kikombe kikawekwa juu ya kitu.

"Nani anachezea hapo?" sauti ya Kimanzi.

Wayua akaivuta tena. Nnng'ii.

"Nani huyo? Hiyo si waya yangu inalia? Waya ikimezwa hailii!"

"Njoo uone," Wayua akasema.

"Wayua? Uko huko unafanya nini?"

"Napiga zeze. Nimesema njoo uone."

Wayua alimjua. Mtu yule angeweza kubishana na daktari, na mchungaji, na mkewe mpaka kiama, lakini waya iliyolegea alikuwa hawezi kuiacha. Ni kama kumwonyesha mlevi chupa iliyoanguka. Walisikia viatu vikiondoka kwenye tope, vikipita kando ya nyumba, lango lao likafunguka. Ilichukua muda, kwa sababu ni mbali kuzunguka, na kwa sababu alisimama njiani. Wayua alimwona kupitia ua, mkono kifuani, anajifanya kuangalia kibanda cha mtu. Akahisi hasira imempanda na machozi yamempanda pamoja.

Kimanzi alifika kwenye lango la Sironka, akasimama. Mbwa akabweka.

"Ingia, mzee," Sironka akamwita. "Mbuzi wamefungwa."

Aliingia. Hakuamkia mtu. Alienda moja kwa moja kwenye mti, akainama, akapitisha kidole chini ya waya, akakitembeza kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho. Akaivuta. Ikalia. Akasimama pale kwa muda mrefu, kidole bado kiko chini ya waya.

"Ni nani aliikaza hivi?" akauliza, kama vile hajui.

Sironka, kwa heshima, akatazama ng'ombe.

"Nilikaza bila kuangalia huku," Kimanzi akasema polepole. "Niliona imeshika kwangu, nikadhani imeshika kote. Mti haumezi kitu kisichougusa. Ungeanzia wapi?"

"Uliza daktari," Wayua akasema.

"Daktari wa nini? Mimi naongea na mti."

"Sijui unaongea na nani, Baba Kasyoki. Mimi nimechoka kuwa mtu wa tatu. Twende Nairobi."

Akakubali. Angalieni jambo hilo. Daktari alimweleza kwa lugha ya kueleweka, akakataa. Kijana wake alimsihi, akakataa. Lakini waya yenye manyoya ya mbuzi ilipolia, alienda akavaa shati la kanisani. Wayua alipiga pasi kola ile akiwa ameuma meno.

Hospitalini walimpitishia uzi wa taa akiwa macho, kwa mshipa wa mkono kama mara ya kwanza. Wayua alikaa kwenye benchi la nje na akina mama wengine, akatazama televisheni isiyo na sauti ambapo watu walikuwa wanapika keki. Hakuomba vizuri. Kila akianza, aliona mkima.

Baadaye Ojwang alimwita. Kimanzi alikuwa amelazwa, mkono umebanwa kwa bendeji nene, uso una rangi nzuri. Daktari aliwageuzia kompyuta.

"Tulipitisha ule uzi wa taa," akasema. "Tunasukuma maji ya dawa ili damu ipishe kidogo, halafu uzi unarudi nyuma polepole huku unapiga picha. Huu ni mshipa wako, mzee, umekatwa kama gogo."

Kweli ilifanana na gogo lililopitiwa na msumeno: duara, na ndani yake duara, ukuta wa kijivu, katikati giza. Kuzunguka lile giza kulikuwa na vidoti vinavyong'aa, kila kimoja na kivuli chake nyuma.

"Hivyo vinavyong'aa ndio waya. Angalia hapa. Unaona huu utando umepita juu yake? Huku kote umefunikwa vizuri sana. Mwili wako umefanya kazi." Akasogeza picha. Duara likabadilika umbo, likavimba upande mmoja. "Sasa hapa. Mshipa umeingia ndani, umefanya kama mfuko. Waya imebaki inaelea. Haijagusa ukuta, haina kitu juu yake. Chuma kitupu. Na huu ukungu ulioishikilia pale ni damu iliyoanza kugandia. Ni kidogo. Lakini ilikuwa imeanza."

Wayua alitazama ule ukungu. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, na ulikuwa umekaa ndani ya mume wake siku zote zile alizokuwa anausifia mti.

Kimanzi aliinua mkono wake mzima, akaelekeza kidole.

"Hapo," akasema kwa sauti ya chini, "hapo ni upande wa Sironka."

Ojwang akageuka. "Sironka ni nani?"

"Usimuulize," Wayua akasema. "Daktari, nakuomba, usimuulize."

Lakini Kimanzi alikuwa ameshaanza: bonde, daraja, msumari, mbuzi. Ojwang alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa kosa lake la pili.

"Mzee," akasema, "nimekusikia. Sasa nisikie na mimi. Mti ni mti. Ungeweza kufunga hiyo waya kwenye mti mwingine, ifunikwe kote, na moyo wako ubaki hivihivi. Imetokea tu zikafanana. Mimi mwaka jana nilikujibu haraka, na sitajibu haraka tena. Moyo unaangaliwa kwa kuangalia moyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nimeingiza puto, nikalipuliza pale, nikaisukuma waya mpaka ikashika ukuta. Sasa imegusa. Lakini upande huo ni kama tumeweka jana. Dawa ya pinki huiachi mpaka nirudi ndani na taa nione imefunikwa. Mimi nione. Si wewe."

"Nitameza."

Alisema hivyo, bila ubishi, bila hata kikohozi, na Wayua akamtazama kama mtu anayetazama mbuzi amefungua lango kwa mkono.

"Na kazi?" Kimanzi akauliza. Hapo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pumzika kwanza, mkono upone. Halafu chimba mashimo, simamisha nguzo, pima. Seng'enge avute mwingine, au uvae glavu. Za ngozi, nzito."

"Ziko," Wayua akasema. "Ziko jikoni."

Kidonge alikimeza hapohapo, mbele yao, kwa maji ya chupa. Wayua alimwangalia koo likipanda na kushuka, akasubiri, akamwambia afungue mdomo. Akaufungua. Ulimi ulikuwa mtupu. Akaketi pembeni ya kitanda juu ya mguu wa Kimanzi, na Kimanzi, kwa mara moja, hakulalamika.

Mtu angedhani hadithi imeisha, Wayua sasa atapumzika. Hapana. Kwenye shavu la kila jambo jema Kimanzi lazima aache alama ya kidole chake. Wiki ileile aliwaambia wanaume wa kanisa jinsi mti ulivyojua kabla ya mashine. "Daktari aliona na taa," aliwaambia, "lakini mahali pa kuangalia mti ulikuwa umeshapataja." Mzee mmoja mwenye kisukari akaenda akafunga waya kwenye mparachichi wake. Wayua alipopata habari alivaa kitenge, akaenda mpaka kwa yule mzee, akaikata ile waya kwa koleo la mumewe mbele ya mzee na mkewe, akamwambia mzee akitaka kujua habari za sukari yake aende Kajiado kwa Mbeke. Akarudi na koleo, akalitupa kwenye gunia.

Na kidonge? Kidonge anameza. Kila asubuhi, bila kukumbushwa. Anabeba kikombe, anapita kando ya nyumba, anazunguka hadi kwa Sironka, wanaamkiana supa na ipa kana kwamba maharagwe hayakuwahi kuliwa, halafu anasimama mbele ya lile bonde la mkima na kumeza pale, akiitazama waya. Ameipigilia msumari mpya ili iingie kwenye bonde na kugusa gome. Sironka huleta kiti. Wayua aliwahi kumwambia akimeze mezani kama Wakristo wengine, akamjibu, "Kwani unataka nimeze au unataka kuchagua mahali?" Hilo ndilo jambo linalomuudhi kuliko yote, kwamba wakati mwingine mzee ana hoja.

Siku aliyoitwa tena kazini, ua wa kanisa dogo upande wa Isinya, aliondoka na gunia begani na glavu ndani yake. Wayua alizihesabu kwa macho: ya kulia, ya kushoto. Alimsikiliza akipanda ule mwinuko kuelekea barabarani. Akasubiri mahali pale anaposimama. Viatu vilipita bila kusita, vikaenda, vikapotea.

Basi akaingia bafuni, akafua nguo zake chache, akamaliza. Maji ya sabuni yalikuwa bado kwenye karai. Alilishika, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia kama mwizi. Kisha akabeba lile karai zito, akatoka langoni, akazunguka njia yote ile ndefu, maji yakimrukia kwenye sketi, akampita mbwa wa Sironka, akafika upande wa pili wa mkima.

"Mama Kasyoki," Sironka akamwita kutoka zizini, "na wewe pia?"

"Nyamaza," Wayua akasema, akamwaga maji yote kwenye mzizi, chini ya lile bonde lenye waya.